Harufu ya mkojo wa paka kwenye zulia la sufu, inayorudi kila masika

Mkaazi wa Raskazone

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Tanga na wa kwingineko.

Naomba ushauri wa wenye uzoefu. Sebuleni kwetu kuna zulia la sufu lililofumwa kwa mkono, ambalo marehemu mama mkwe aliletewa na jamaa zake wa Maskati, na kwa sababu hiyo halina bei kwetu. Paka wetu dume, ambaye hajahasiwa, alikuwa akikojoa kwenye pembe moja ya zulia hilo, karibu na mlango wa kutokea uani, na mara nyingine hurushia mkojo ubavuni mwa kochi la kitambaa. Pembe ile ilifuliwa kwa maji na sabuni ya unga, ikaanikwa, na harufu ikatoweka muda wote wa jua kali la kaskazi. Mvua za masika zilipoanza, harufu ilirudi kwa nguvu ileile, ingawa nina hakika kwamba paka hakukojoa tena mahali pale, kwa kuwa mlango wa sebule hufungwa mchana na usiku. Jioni tunachoma udi, lakini chetezo kikizimika tu harufu iko palepale.

Ningependa kwanza kuelewa ni kwa nini harufu iliyokwisha kuondoka irudi yenyewe. Pili, majirani wananishauri mambo yanayopingana: mmoja anasema niloweke pembe hiyo kwa jiki, mwingine anasema siki iliyochanganywa na soda ya kuokea, na wa tatu anasema ndimu. Tatu, pamebaki duara la manjano iliyokoza, na nyuzi nyekundu zilizo ndani yake zimeanza kupauka. Je, rangi hiyo itarudi? Tunalo pia busati la mkonge katika chumba cha wageni na mswala wa mume wangu, ambavyo navyo vimepatwa, nami sijui kama vyote husafishwa kwa namna moja. Mwisho, naomba mwenye elimu ya dini atueleze hukumu ya kuswali mahali ambapo doa limeoshwa lakini harufu imebaki.

Fundi Mazulia, Ngamiani

Waalaykum salaam, dada. Pole kwa usumbufu. Mimi huosha mazulia, na malalamiko ya harufu inayorudi masika ni miongoni mwa yale ninayoyapokea zaidi kila mwaka. Kwa upande wa ufundi, sababu yake ni kwamba zulia huoshwa juu ilhali mkojo umekwenda chini. Zulia la kufumwa kwa mkono halina mpira wala gundi mgongoni. Mkojo hupita kwenye manyoya, hushuka mpaka kwenye mafundo na nyuzi za mtande zinazoyashikilia, kisha hutandaa baina ya zulia na sakafu. Ukiligeuza utaona kwamba duara la chini ni pana kuliko la juu, na ukiinamisha pua hapo hutahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo anza kwa kuligeuza na kuitafuta mipaka ya doa. Usiku, zima taa zote na umulike kwa kile kitochi cha mwanga wa zambarau ambacho wenye maduka na mawakala wa fedha hukagulia noti. Mkojo uliokauka hung'aa manjano yenye ukijani uliofifia. Usiuchanganye na mng'ao mweupe wenye ubuluu, kwa sababu huo mara nyingi ni mabaki ya sabuni ya unga, na pembe yako, kwa kuwa ilifuliwa kwa sabuni hiyo, huenda ikang'aa kwa namna zote mbili. Zungushia mpaka wa doa mshono mlegevu wa uzi mweupe. Chaki hufutika maji yanapoingia.

Kabla ya kudondosha tone la kitu chochote, ijaribu rangi. Lowesha kitambaa cheupe cha pamba kwa mchanganyiko unaokusudia kuutumia, kikandamize kwa dakika 5 juu ya nyuzi nyekundu za sehemu isiyoonekana, kisha ukitazame. Kikitoka na wekundu, simamisha kazi na umtafute mtu aliyezoea mazulia ya mkono, kwa maana nyekundu ikishaingia kwenye nyeupe hakuna fundi wa kuitoa.

Rangi ikistahimili, changanya kipimo 1 cha siki nyeupe na vipimo 2 vya maji baridi. Litandaze zulia juu ya vichaga au mabenchi mawili ili upande wa chini ubaki wazi, kisha mimina polepole kutoka pembezoni mwa doa kuelekea katikati mpaka uone maji yakidondoka chini. Hapo ndipo utakapojua kwamba siki imefika kule ulikofika mkojo. Ukipulizia juujuu kwa chupa ya kupulizia, utakuwa umelowesha manyoya na kuyaacha mafundo kama yalivyokuwa. Ngoja dakika 10 hadi 15, ulishushe sakafuni juu ya taulo kavu, weka taulo nyingine juu yake, na usimame hapo kwa uzito wako wote, ukibadilisha taulo kila inapolowa. Usisugue hata kidogo, kwa sababu sufu iliyolowa ikisuguliwa hushikamana na kufanya vinundu visivyofunguka. Rudia kwa maji matupu, kisha kwa maji yenye matone machache ya shampuu isiyo kali, kisha kwa maji matupu tena, mpaka yale yanayodondoka yawe hayana povu, rangi wala harufu.

Suuza ya mwisho iwe ya maji ya bomba au ya mvua. Nyumba nyingi za mjini kwetu zina visima vya maji ya chumvi, na chumvi inayobaki ndani ya sufu huvuta unyevu hewani, hivyo utakuwa umeondoa tatizo moja na kupanda jingine.

Kukausha ndiko kunakoharibu kazi nyingi nzuri. Manyoya hukauka kwanza na kumdanganya mtu, ilhali mafundo bado yamelowa, na zulia likikaa hali hiyo kwa siku mbili ukungu huanza kuota. Liinue kutoka sakafuni, elekeza feni upande wa chini, na ukipata jua, mgongo ndio ulielekee jua, manyoya yakae kivulini. Usilipeleke kabisa mahali pa kuoshea magari. Pampu yao yafaa kwa kapeti la plastiki, lakini kwenye zulia la mkono hulegeza mafundo na kuusukuma mkojo mbali zaidi.

Kuhusu nyuzi zilizopauka, ni bora niseme ukweli: rangi iliyokwisha kuliwa na mkojo hairudi kwa kuoshwa. Yupo fundi anayeweza kuzitia rangi upya kwa brashi nyembamba, lakini hiyo ni kazi nyingine, na hufanywa baada ya zulia kuwa safi kabisa.

Mwalimu wa Kemia, Pongwe

Namshukuru Fundi, nami naomba kujibu swali la kwanza kwa kirefu, kwa kuwa mtu akiielewa sababu hatahitaji kujaribu kila anachoambiwa na jirani.

Mkojo wa paka una urea kwa wingi, kriatinini, chumvi mbalimbali, kiasi kidogo cha asidi ya yuriki, na kitu ambacho paka hukitengeneza tofauti na wanyama wengine wa nyumbani, nacho ni asidi amino yenye salfa iitwayo felinini. Mkojo ukiwa mbichi huwa na uasidi hafifu na haunuki sana. Baada ya muda bakteria huivunja urea na kutoa amonia, na ule uasidi hugeuka kuwa alkali. Huo ndio ukali unaochoma pua, na ndiyo alkali inayoshambulia rangi za sufu, jambo linaloeleza zile nyuzi nyekundu zilizopauka. Felinini nayo huvunjika taratibu na kutoa viambata vya salfa ambavyo ndivyo hasa harufu ya paka dume, na pua ya binadamu huvinusa hata vikiwa vichache mno. Dume asiyehasiwa hutoa felinini nyingi kuliko jike na kuliko dume aliyehasiwa.

Maji ya mkojo yakikauka, hivi vyote hubaki kwenye nyuzi. Hewa ikiwa kavu, hutulia. Masika yanapoingia, sufu hufyonza unyevu wa hewani, na sufu inaweza kubeba unyevu unaokaribia theluthi moja ya uzito wake bila mtu kuihisi kuwa imelowa. Bakteria hupata maji, urea na felinini iliyosalia huendelea kuvunjika, na gesi iliyokuwa imeshikwa na nyuzi huachiliwa. Kwa hiyo dada ana haki ya kuamini kwamba paka hakurudi. Ni mkojo uleule unaoendelea na safari yake. Udi hauugusi mkojo huo. Huongeza harufu nyingine hewani mpaka utakapokwisha.

Sasa nije kwenye ushauri wa majirani. Siki ya dukani huwa na takriban asilimia 5 ya asidi ya asetiki. Asidi hiyo huikamata amonia na kuigeuza chumvi isiyoruka hewani, ambayo huyeyuka na kusuuzika kwa maji. Lakini siki haiivunji felinini, wala haiyeyushi asidi ya yuriki, ambayo kwa kawaida huyeyuka vizuri zaidi penye alkali kuliko penye asidi. Ndiyo maana Fundi anasisitiza maji mengi baada ya siki, na anayeishia kwenye siki peke yake amefanya nusu ya kazi.

Soda ya kuokea ni alkali hafifu, na ukiichanganya na siki kwa wakati mmoja zitaumuka, zitatoa gesi ya kaboni dioksidi, na kitakachobaki ni maji yenye chumvi isiyo na nguvu ya siki wala ya soda. Povu lile huwapendeza watu, lakini halisafishi. Kila kimoja kina wakati wake: siki kwanza, suuza, kausha, na baada ya hapo soda inyunyizwe ikiwa kavu juu ya kochi au kapeti la plastiki, ikae usiku kucha, kisha ipanguswe. Magadi ya kupikia kunde si badala yake, kwa kuwa ni alkali kali zaidi na huiharibu sufu. Ndimu ina asidi, lakini ina sukari pia. Itaacha utando unaonata, itaita sisimizi, na ikipigwa jua inaweza kupausha rangi.

Kuhusu jiki, naomba dada asimsikilize mtu yeyote. Kwanza, klorini iliyomo ndani yake huyeyusha sufu. Hilo si jambo la kupauka tu, nyuzi zenyewe huliwa na kukatika. Pili, klorini ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi za kloramini, ambazo huumiza mapafu, na katika chumba kilichofungwa kwa sababu ya mvua hatari huwa kubwa zaidi. Tatu, ikikutana na siki iliyobaki kwenye zulia hutoa gesi ya klorini yenyewe. Vitu hivi visikutane ndoo moja, wala doa moja.

Vilevile maji ya moto na pasi ya mvuke viepukwe. Mkojo wa paka una protini nyingi kuliko inavyotarajiwa, na joto huigandisha protini hiyo kwenye nyuzi pamoja na rangi ya manjano.

Kwa doa la manjano, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu, hufanya kazi ambayo siki haiwezi, kwa kuwa huvioksidisha viambata vya salfa na kuivunja rangi, kisha yenyewe huwa maji na oksijeni. Hata hivyo hupausha rangi za nguo pia. Itumike kwenye pamba nyeupe na kapeti la plastiki bila wasiwasi mkubwa, na kwenye sufu ya rangi isitumike pasipo lile jaribio la kitambaa cheupe. Isitiwe chupa moja na siki, kwa maana vikichanganyika hutoa asidi inayochoma ngozi na macho.

Dawa bora kuliko zote, kama mtu ataipata, ni ile ya vimeng'enya iliyotengenezwa kwa ajili ya mkojo wa wanyama. Vimeng'enya huvikatakata vile vilivyobaki mpaka visiwe na cha kunusa. Huhitaji unyevu na muda, hivyo humwagwa kwa wingi, hufunikwa kwa plastiki kwa saa kadhaa, na lazima siki na sabuni ziwe zimekwisha kusuuzwa mahali hapo kwanza. Anayeikosa anaweza kutumia sabuni ya unga ya kufulia ambayo pakiti yake imeandikwa kwamba ina vimeng'enya.

Mama wa Chumbageni

Nataka kuongezea kidogo upande wa nguo, kwa kuwa kanga, mashuka na mapazia hupatwa mara nyingi kuliko mazulia. Nguo isuuzwe peke yake kwa maji baridi yanayotiririka kabla ya kuchanganywa na nyingine, iloweshwe nusu saa kwenye maji yenye kikombe cha siki, isuuzwe, ndipo ifuliwe kwa sabuni. Inuse ingali mbichi kabla ya kuianika. Ikiwa bado inanuka, irudie, na usiipige pasi mpaka harufu iishe. Mito ya sufi haifuliki hivyo hivyo. Ifumue, sufi iliyolowa mkojo itupwe, iliyobaki ianikwe kwenye chandarua juani, na foronya ya ndani ifuliwe peke yake. Kwa kochi, fungua zipu na uikague sponji, kwa sababu kitambaa cha juu kinaweza kuwa safi ilhali sponji imeshiba. Sponji hufuliwa ikiwa nje ya kochi kwa kukandamizwa ndani ya beseni, na wakati mwingine ni nafuu kumwendea fundi makochi akate nyingine.

Mwanafunzi wa Fiqhi, Msambweni

Waalaykum salaam warahmatullah. Nitajibu kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wa watu wa pwani yetu, na mwenye madhehebu mengine awaulize wanazuoni wake.

Paka mwenyewe si najisi, na mate yake si najisi, kwa hadithi mashuhuri ya Abu Qatada, Mwenyezi Mungu amridhie, inayomtaja paka kuwa ni katika wale wanaotuzungukia majumbani. Mkojo wake, hata hivyo, ni najisi kama mikojo mingine. Kwa hiyo zulia lina kazi mbili ambazo zisichanganywe: kuondoa uchafu na harufu, ambako siki, sabuni na vimeng'enya vyote vinasaidia, na kutoharisha, ambako hakufanywi ila kwa maji. Aliyelimaliza doa kwa siki na soda pekee amelisafisha lakini hajalitoharisha. Utaratibu aliouandika Fundi unakidhi yote mawili, kwa sababu unamalizia kwa maji matupu yanayomiminwa juu ya mahali penyewe.

Neno "kumimina" lina uzito hapa. Maji machache, yasiyofikia qullatayni (kipimo cha maji mengi katika fiqhi), hunajisika kwa kuingiwa na najisi, kwa hiyo ukiuchukua mswala wenye mkojo na kuutumbukiza kwenye beseni la maji, beseni zima limenajisika. Ondoa kwanza kiini cha mkojo, kisha yamwage maji juu ya mswala yapite na kwenda zake. Kwa mswala wa kawaida jambo hili ni jepesi: utundike kwenye kamba uani na umwagie juu yake.

Ama harufu inayobaki: mtu akiisha kuosha na kujitahidi, ikabaki harufu peke yake au rangi peke yake ambayo imeshindikana kuondoka, hiyo imesamehewa na mahali hapo ni tohara. Vikibaki vyote viwili kwa pamoja mahali pamoja, rangi na harufu, basi kiini kinahesabiwa kuwa bado kipo, na itabidi kuosha tena. Kwa sasa, dada, pembe yenu bado ina duara la manjano na harufu, kwa hiyo msiswali juu yake moja kwa moja. Lakini mkitandika mswala mkavu ulio tohara juu ya sehemu iliyokauka, swala inasihi.

Daktari wa Mifugo, Tanga Mjini

Ndugu waliotangulia wamelishughulikia zulia vizuri. Naomba sasa tumtazame paka, kwa kuwa mkiliosha zulia na kumwacha paka kama alivyo, mtaliosha tena.

Dada ameeleza mambo mawili tofauti. Kurusha mkojo ubavuni mwa kochi ni kuweka alama: paka husimama, huinua mkia ukitetemeka, na hurusha kiasi kidogo nyuma yake. Hilo hutokana na homoni za dume, na mara nyingi huchochewa na dume mwingine anayepita dirishani au uani. Kumhasi humaliza au kupunguza sana tabia hiyo kwa madume walio wengi, na mkojo wenyewe hupungua ukali kwa sababu aliyoieleza Mwalimu. Inafaa kumhasi akiwa na umri wa takriban miezi 5, kabla tabia haijakomaa, lakini hata aliyevuka umri huo hunufaika.

Kukojoa kwenye pembe ya zulia karibu na mlango wa uani ni jambo jingine. Paka wengi wa mjini kwetu wamezoea kujisaidia uani, na mvua ikinyesha wanakataa kutoka, hivyo hukojoa mahali pa karibu kabisa na mlango. Mwekeeni ndani beseni pana lenye mchanga mkavu au randa za mbao, mbali na chakula chake, na liondolewe uchafu kila siku. Kanuni yetu ni beseni moja kwa kila paka na la ziada moja.

Ninalolisisitiza zaidi ni hili. Paka dume akionekana anachuchumaa mara kwa mara bila kutoa kitu, analia, au analamba sehemu zake za siri bila kukoma, huenda njia ya mkojo imeziba. Hiyo ni dharura, naye anaweza kufa ndani ya siku 1 hadi 3, kwa hiyo afikishwe kwa daktari siku hiyohiyo. Paka mwenye tabia njema aliyeanza ghafla kukojoa ndani apimwe kabla ya kuadhibiwa, kwa sababu mawe ya kibofu, ugonjwa wa figo na kisukari huanza kwa dalili hiyohiyo. Wala msimchape wala kumsukumizia pua kwenye mkojo. Hofu humfanya akojoe mahali pa siri zaidi.

Tahadhari moja kuhusu dawa. Ini la paka lina uwezo mdogo mno wa kuondoa sumu za jamii ya fenoli. Kwa hiyo msipige deki kwa zile dawa za kuulia vijidudu ambazo hugeuza maji kuwa meupe, msimwage mafuta ya karafuu kwenye zulia kwa nia ya kumfukuza, na msiweke vidonge vya nondo chini yake. Paka hukanyaga, kisha hujilamba miguu. Sabuni zenye amonia nazo ziepukwe, kwa kuwa harufu yake inafanana na ya mkojo na humwita arudi palepale.

Mkaazi wa Raskazone

Nawashukuru nyote, Mwenyezi Mungu awalipe. Paka atapelekwa kuhasiwa wiki hii, na beseni la randa limekwisha kuwekwa karibu na mlango. Nimebakiwa na mambo mawili ya kumuuliza Fundi. Mwalimu ametaja sabuni ya unga yenye vimeng'enya. Je, naweza kuitumia kwenye zulia hili? Na busati la mkonge nilifanyeje, ikiwa kila njia iliyoelezwa inahitaji maji mengi? Pia sijui kama nianze sasa, mvua zikiwa bado zinanyesha, au nisubiri.

Fundi Mazulia, Ngamiani

Dada, kwenye vimeng'enya naomba nitofautiane na Mwalimu kwa adabu. Sabuni nyingi za unga za aina hiyo zina kimeng'enya cha kula protini, na sufu yenyewe ni protini, kama ilivyo hariri. Ukiiacha imelowa humo kwa saa kadhaa chini ya plastiki, itakula doa na kuanza kula zulia. Itumieni kwenye kochi na kwenye kapeti la plastiki. Kwa zulia la sufu, tafuteni dawa iliyoandikwa wazi kwamba yafaa kwa sufu, na kama haipatikani, baki na siki, shampuu na maji, hata ikibidi kurudia.

Mwalimu wa Kemia, Pongwe

Fundi amesema kweli, nami nakubali: ushauri wangu wa sabuni ya unga uhesabiwe ni wa pamba, sponji na plastiki tu.

Fundi Mazulia, Ngamiani

Ahsante, Mwalimu. Kuhusu mkonge, huo hauvumilii kuloweshwa. Uzi wake hunywa maji na kuvimba, busati hupinda kingo, na likichelewa kukauka hutoa rangi ya kahawia inayopanda juu na kubaki kama ramani. Mkojo ukiwa mbichi, unyonye mara moja kwa kitambaa kikavu, kisha pangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa siki na maji na kukamuliwa sana, halafu elekeza feni hapo mpaka pakauke. Ikiwa mnataka kulitoharisha, ombeni siku ya jua: liinueni uani, mwagieni sehemu ileile peke yake maji kidogo yapite, mkalikaushe papo hapo kwa jua na feni, na mkubali kwamba huenda alama ikabaki. Ikiwa mkojo ni wa zamani na umeingia mpaka kwenye gundi ya mgongo, sitawadanganya ili nipate kazi. Kata kipande hicho na kushona pindo jipya, au nunueni busati jingine, kwa kuwa mkonge ni bidhaa ya kwetu na haugharimu kama sufu.

Ama wakati wa kuanza, msisubiri mvua ziishe kwa pembe ile ya zulia, kwa sababu alkali inaendelea kula rangi kila siku inapopata unyevu. Fanyeni pembe hiyo pekee sasa, ndani ya chumba chenye feni na madirisha mawili yanayopitisha upepo, na taulo nyingi kuliko mnavyodhani zitahitajika. Zulia zima lioshwe mwezi wa Juni au Julai, upepo wa kusi ukiwa umeshika na mvua zimepungua. Mkimaliza pembe, subirini siku ya mawingu mazito yenye unyevu, mlale kifudifudi mnuse upande wa chini, si wa juu. Pakinuka hata kidogo, rudieni kuanzia kwenye siki.